Kabla Hujapanda Meli ya Kwenda Ama

Mji wa Ama uko kwenye kisiwa cha Nakanoshima, katika visiwa vya Oki, kilomita kama 60 kaskazini ya pwani ya Shimane, magharibi mwa Japani. Wakazi wake ni kama 2,300, na kisiwa kizima hakizidi sana kilomita za mraba 33. Anayekwenda kutembea siku mbili hana haja ya makala hii. Imeandikwa kwa anayekwenda kukaa: mwanafunzi, mwalimu, mtu aliyepata kazi ya msimu, au aliyeoa au kuolewa huko. Wengi hujiandaa kwa baridi na kwa lugha, na wanafanya vyema, lakini wanaporudi wakilalamika utasikia mambo mawili mengine kabisa. Meli na majirani.

Tuanze na meli. Uwanja wa ndege wa Oki uko kisiwa kingine, Dogo, kwa hiyo hata ukiruka kwa ndege, mwisho wa safari ni majini. Kutoka bara kuna bandari mbili, Shichirui iliyo upande wa Matsue na Sakaiminato iliyo mkoa wa Tottori, na meli hazitoki bandari moja siku nzima: safari ya asubuhi inaweza kuondokea hapa na ya mchana kule, na ratiba hubadilika kwa msimu. Kosa la kila mwaka ni mtu kusoma ratiba ya zamani, akafika bandari isiyo yake. Kwa gari si mbali sana, lakini asiye na gari ameshaachwa, na pengine meli inayofuata ni ya kesho. Angalia ratiba ya siku yenyewe, kisha uangalie tena asubuhi kama meli imetangazwa kusafiri. Fika dakika 40 kabla. Kabla ya kukata tiketi utajaza karatasi yenye jina na anwani yako. Andika kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu ndiyo orodha ya watu waliomo melini.

Meli kubwa huchukua saa tatu hivi, ikitegemea inapitia kisiwa kipi kwanza. Daraja la pili ni sakafu yenye zulia, hakuna viti: vua viatu, tafuta nafasi katikati ya meli, lala chali. Anayekaa akitazama simu ndiye anayetapika. Ipo pia boti ya kasi inayopunguza muda huo sana, ila katikati ya baridi haifanyi kazi.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo wa kaskazini-magharibi unaotoka Siberia unavuka bahari bila kizuizi, mawimbi yanapanda, na meli inafutwa, pengine siku mbili au tatu mfululizo. Maziwa, mkate na mboga za bara ndivyo vinavyoanza kuisha dukani. Mchele hauna wasiwasi: Ama ni miongoni mwa visiwa vichache vya ukubwa huo vyenye maji mengi ya chemchemi, na mpunga unalimwa papo hapo. Weka nyumbani chakula cha siku nne. Kama una ndege ya kimataifa wakati wa baridi, toka kisiwani siku mbili kabla; siku moja haitoshi. Dawa za kila siku ziwe za mwezi mzima na wiki mbili za ziada, maana Ama ina zahanati, lakini hospitali ya Dozen, yaani visiwa vitatu ambavyo Nakanoshima ni kimojawapo, iko kisiwa cha Nishinoshima, ng'ambo ya mlango wa bahari, na unavuka kwa boti ndogo. Mgonjwa mahututi hubebwa kwa helikopta, na helikopta nayo hairuki hali ya hewa ikichafuka.

Meli hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwanyima wavuvi bei. Samaki aliyevuliwa leo alifika soko la bara kesho, akiwa amepoteza ubora, akauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2005 mji ukaweka mtambo wa kugandisha unaoitwa CAS, ambao hugandisha ngisi na chaza bila kuharibu nyama yake, ili bidhaa iweze kusubiri meli badala ya kuozea njiani. Mwaka huohuo meya Yamauchi Michio alikuwa amekata mshahara wake hadi nusu, na watumishi wa mji wakakatwa yao, kwa sababu madeni yalikuwa yamewafika shingoni na walikuwa wamekataa kuunganishwa na miji jirani. Shule ya sekondari ya Dozen, ya pekee kwa visiwa vyote vitatu, ilikuwa imebaki na wanafunzi 89 mwaka 2008. Ikafungua milango kwa vijana kutoka Japani nzima, ikapona.

Haya mgeni anapaswa kuyajua kabla hajafika. Watu wa Ama wameona kwa macho yao mji ukikaribia kufa, wakaamua kwa hiari kwamba wanataka wageni. Utapokelewa vizuri kuliko unavyotarajia. Lakini unapokelewa kama mkono wa kazi, hukaribishwi kama mteja. Tangu 2011 mji una kaulimbiu yake, "Nai mono wa nai", na Kiswahili kinaibeba bila taabu pande zote mbili: "Kisichokuwepo, hakipo", na pia "Hakuna kisichokuwepo". Duka la saa 24 halipo. Ukiuliza kwa nini halipo, umeanza vibaya.

Sasa majirani. Ndani ya siku mbili za kuhamia, pita nyumba tano: tatu zinazokutazama mbele na moja kila upande. Ndiyo desturi ya Japani ya zamani, na mijini imefifia, kisiwani bado ina uzito. Beba taulo ndogo au biskuti zilizofungwa, za yeni 500 hadi 1,000 kwa kila nyumba. Kikubwa zaidi ya hapo kinawatia deni. Nenda alasiri, si saa ya chakula. Sema jina, unakotoka, kazi uliyojia na muda utakaokaa. Kisha mtafute kiongozi wa kitongoji umuulize mambo matatu: siku za taka, siku ya usafi wa pamoja, na ada ya kitongoji.

Usafi wa pamoja ni msaragambo hasa. Mara nyingi ni Jumapili asubuhi mapema: kufyeka majani kando ya barabara, kuzibua mifereji ya mashamba, kusafisha makaburi kabla ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, mwezi wa Agosti. Njoo na mundu wako, glavu, buti na chupa ya maji, na uwe pale dakika kumi kabla, kwa sababu saa mbili kwao ina maana kazi inaanza saa mbili. Huwezi? Mwambie kiongozi siku kadhaa kabla. Asiyekuja bila kusema hatafokewa na mtu, ila ataona habari za mtaa zinamfikia zikiwa zimechelewa.

Habari zenyewe huja kwa ubao wenye kishikizo unaozunguka nyumba kwa nyumba, kairanban. Juu kuna matangazo, pembeni kuna orodha ya majina na mahali pa kugonga muhuri au kutia sahihi. Usiulaze kwako. Soma, piga picha ili utafsiriwe baadaye, tia sahihi, upeleke kwa jirani anayefuata siku hiyohiyo. Ubao uliolala wiki nzima kwa mgeni ndiyo malalamiko ya kwanza yanayomfikia kiongozi.

Na utakuta mfuko wa figili nyeupe au vitunguu umeachwa mlangoni bila jina. Usihangaike kulipa jioni ileile. Ulizia ni nani, mshukuru mkikutana, na baada ya siku kadhaa peleka kitu kidogo cha jikoni kwako. Chapati au maandazi yamefungua milango mingi.

Onyo moja zito, hasa kwa aliyezaliwa Pwani. Aliyezoea kuteremka maji yakipwa na kuokota kome na chaza atadhani ufuo wa Ama ni wa kila mtu. Kwanza, hakuna bamvua pale: Bahari ya Japani hupanda na kushuka sentimita 20 au 30 hivi tu, hivyo miamba haibaki wazi kama Unguja. Pili, konokono wa bahari wanaoitwa sazae, wenzao wa ganda bapa wanaoitwa awabi, na mwani unaoliwa ni haki ya wanachama wa ushirika wa wavuvi. Kuwaokota, hata watatu kwa mboga, ni kuvunja haki ya uvuvi na faini inafika yeni milioni 1. Awabi na jongoo bahari ni balaa zaidi: tangu Desemba 2020 adhabu ni kifungo hadi miaka 3 au faini hadi yeni milioni 30. Kuvua samaki kwa mshipi gatini kwa kawaida hakuna neno, ila uliza kwanza gati lipi.

Nyumbani, joto hutoka kwenye hita ya mafuta ya taa. Dumu ni la lita 18. Hita ndogo ya chumba kimoja ikiwashwa kwa muda wa saa tano kila jioni, dumu huenda wiki mbili hivi. Fungua dirisha dakika mbili kila saa, maana moshi wake hauonekani. Mafuta yaliyobaki msimu uliopita usiyatumie: huchakaa, utambi ukaziba, chumba kikanuka. Juni na Julai ni mvua na ukungu, kwa hiyo inua godoro la futon kila asubuhi, la sivyo upande wa chini utakuwa mweusi kwa wiki chache. Taka zinatoka asubuhi ya siku yake, si usiku, kwa ajili ya kunguru, na chupa ya plastiki huoshwa, ikavuliwa kifuniko na karatasi. Ukikaa na familia, oga nje ya beseni kwanza, ndipo uingie kwenye maji ya moto, na ukitoka usiyamwage. Maji hayo ni ya nyumba nzima.

Mwislamu hatapata shida ya samaki, ngisi na wali. Shida iko kwenye mchuzi: sake na mirini, vileo vya mchele, huingia karibu kila chakula kilichochemshwa, na vipande vya mchuzi wa kari mara nyingi vina mafuta ya nguruwe au ya ng'ombe. Kari ya sazae, ambayo kisiwani ilizaliwa kwa kukosa nyama, nayo uiulizie. Kibla ni magharibi, ikiinama kidogo kaskazini.

Mwisho wa Agosti kuna sherehe ya Kinnyamonya, watu wakicheza wakiwa na miiko ya wali mikononi. Mazoezi huanza kabla. Ukialikwa, nenda, hata kama hujui hatua.

Na siku ya kuondoka, pita tena zile nyumba tano, siku mbili kabla, bila zawadi kubwa. Fika gati la Hishiura, bandari ya Ama, mapema kuliko ulivyofika Shichirui, kwa sababu watakuja. Wakikupa ncha ya utepe wa karatasi kutoka gatini, ishike kwa vidole viwili, usiizungushe mkononi. Meli ikisogea utepe utanyooka mpaka ukatike wenyewe.