Mchumba anavyo, wewe huna: yaliyotukuta sisi

Dada, umeuliza kama umwache mchumba kwa kuwa amekwambia ana virusi vya ukimwi. Mimi naishi Magongo na mume mwenye virusi tangu 2018, na nilipopima mwezi uliopita, sina.

Mume wangu ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Tangu ukimwi uonekane Kenya mwaka 1984, madereva wa njia hii wamebebeshwa lawama, kwa hiyo aliponieleza niliona aibu kabla ya hofu. Nililala kwa mamangu. Kituo cha kwanza nilichokwenda kupima, muuguzi aliniita kwa sauti ya kuuza samaki, nikatoka. Cha pili walinikalisha, wakanieleza.

Yeye alianza ARV, dawa za kudhibiti virusi, siku ile ile. Mimi nikapewa PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi, kidonge kimoja kila siku, pamoja na kondomu, wakati dawa zake zikiendelea kushusha virusi. Walionifungulia njia ni wenzi zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, mmoja anavyo mwingine hana, waliokubali dawa hiyo ijaribiwe kwao. Nawashukuru mpaka leo.

Saa tatu usiku simu yake hulia, awe nyumbani awe Mtito Andei, anameza. Chupa ya vidonge ilikuwa ikichakacha mfukoni, taniboi wake akauliza ni nini, nikaishindilia pamba. Kila safari naikagua ile pamba.

Baadaye kipimo cha damu kikaonyesha virusi havionekani. Hajapona, maana akiacha dawa vitarudi. Ila visipoonekana, haambukizi kwa tendo la ndoa. Ulaya walifuatilia wenzi 888 wa hali hiyo, waliokutana bila kondomu mara kama 58,000. Majibu ya 2016 hayakumpata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe. Nilimuuliza daktari mara tatu: ni kidogo au hakuna? Hakuna. Miezi sita tukaendelea na tahadhari, ndipo nikaacha PrEP, na 2020 tukajaaliwa binti.

Mimi ninayemwogopa ni asiyewahi kupima. Huyo wako amekwambia mwenyewe, na hilo ni jambo zito. Nendeni kliniki pamoja, akuonyeshe karatasi ya kiwango cha virusi na tarehe yake. Ikiwa ni ya zamani au virusi bado vinaonekana, omba PrEP. Kondomu ikipasuka kabla ya hapo, usingoje kesho: dawa ya dharura, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na humezwa siku 28.

Ukiona vigumu kuingia peke yako, niandikie faraghani, nitakusindikiza.