Baraza ya timbo: nenda, lakini angalia unasaini nini

Ndugu umeuliza kama kuna haja ya kwenda baraza ya chifu juu ya hilo timbo (machimbo ya mawe) wanataka kufungua karibu na kwenu, maana wazee wanasema mambo yashaamuliwa. Nenda. Mimi hizi baraza za huku Kilifi nimezikalia mpaka nimezijua, kwanza inapitishwa karatasi, jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, halafu soda na mkate na saa zingine nauli kidogo, watu wanasaini mbio mbio wakidhani ni ya nauli kumbe ndio inaenda kubandikwa nyuma ya ripoti ya mazingira kuonyesha wananchi walishirikishwa. Kwetu hiyo karatasi ilikuja haina hata kichwa, mama mmoja akagoma mpaka iandikwe juu kwamba ni ya mahudhurio tu. Kelele ikawa kubwa lakini iliandikwa.

La pili, uliza ripoti iko wapi. Mnakumbuka mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, leseni ya mazingira ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira (NET), na sio kwamba mikutano haikufanywa, ilifanywa, ila ilikuwa ya utangulizi tu, ripoti yenyewe ilipotoka watu hawakupewa nafasi ya maana ya kuijadili. Kwa hivyo wakikwambia "si tulishakutana", uliza mlikutana kabla au baada ya ripoti. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka mabango, tangazo gazetini na redioni, na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, pale mradi unapofanyiwa utafiti kamili.

Alafu msiende kupiga kelele tu, andikeni barua. Semeni nyumba gani ziko karibu na baruti, kisima kipi, malori yatapita njia ya shule ama wapi, nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Ya mdomo katibu anaandika anavyotaka. Na wale vijana wanaotaka kazi msiwafanye maadui (wengine ni watoto wenu), wekeni masharti pamoja nao, saa za kulipua, barabara imwagiwe maji, mashimo yafukiwe.

Leseni ikitoka na hamjaridhika mna siku 60 kukata rufaa NET, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inahitajika. Hii baraza yenu ni kabla ya ripoti ama baada?