Laini umeiacha Kariakoo, hela unaitaka Guangzhou

Mfuko wa barua wiki hii umejaa wasafiri waliokwama. Nimechagua watano.

Nipo Guangzhou kuchukua mzigo. Laini yangu nilimwachia mdogo wangu asikose wateja. Kila nikilipa, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile, na yeye hapokei. Nifanyeje?

Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Siku hizi laini ndiyo ufunguo wa hela yako, kadi ni kitasa tu. Wewe umepanda ndege na kitasa.

Kwa sasa kubalianeni saa. Guangzhou iko mbele ya Dar kwa saa tano. Ukilipa saa tatu asubuhi, dogo yuko usingizini, huku ni saa kumi alfajiri, na namba ile inakufa baada ya dakika chache. Usitegemee akutumie kwa WhatsApp, maana kwa intaneti ya China haifunguki, wala Gmail. Wenzako wote pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika huko Guangzhou, wanatumia WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe.

Safari ijayo beba simu ya laini mbili, ya nyumbani ikae humo humo, na romingi, yaani laini kufanya kazi nje ya nchi, uiwashe ungali Dar. Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, nayo iunganishe na Visa au Mastercard yako kabla ya kuondoka, kwa sababu kuunganisha kwenyewe kunadai namba hiyo hiyo. Ujue pia kwamba kwa kadi ya nje, malipo yanayozidi yuan 200 hukatwa asilimia 3.

Na swali ambalo hukuuliza: dogo anaijua namba yako ya siri? Kama anaijua, hukumwachia laini, umemwachia duka.

Dola zangu mia mia zimekataliwa dukani kwa kubadilisha fedha. Ni bandia?

Pengine ni za zamani tu, zile za kichwa kidogo. Serikali ya Marekani haijazifuta, lakini wabadilishaji wengi hawazitaki, au wanazipunja bei. Kagua noti kabla ya kuzipokea Dar, usiende kubishana dirishani ugenini.

Nimetoa hela kwenye ATM huku China, nilipokuwa nahesabu kadi ikamezwa.

Mashine nyingi za huko hutanguliza noti, kadi inafuata. Sisi tumezoea kadi kwanza, tukishika noti tunageuka. Ifunge kadi hiyo leo, kwa programu ya benki yako au kwa simu. Kisha subiri wenye tawi wakufungulie mashine, pasipoti mkononi. Akitokea msamaria wa kukwambia "ingiza tena namba ya siri", mfukuze.

Ukiishiwa kabisa, ndugu akutumie kwa Western Union, jina likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Aliyetumiwa kama Mama Zai hapewi kitu.

Ubalozi wetu unaweza kunikopesha nauli?

Usiuhesabie. Ukipoteza pasipoti, nenda. Ukipoteza pochi, mpigie kaka yako.

Hotelini nimekutana na Mtanzania mwenzetu. Anasema atanipa yuan taslimu, mimi nimrushie shilingi kwenye namba ya mtu Dar. Kuna ubaya?

Upo. Biashara ya kubadilisha fedha inahitaji leseni, kwetu na kwao. Yuan zile hujui zilikotoka, na namba ya huyo "mtu wa Dar" hujui ni ya nani. Kesho kukiwa na kesi, muamala utakaoonekana ni wako, wenye jina lako na kidole chako ulichosajilia laini. Wengine watakwambia wamefanya hivyo miaka kumi bila tatizo. Sawa, ila hao wanamfahamu wanayebadilishana naye. Wewe umemkuta kwenye lifti.

Kama ni mwenzetu kweli, mwombe akulipie chakula cha leo. Hela yake utamrudishia mkikutana Dar.