Bango la mgombea uwanjani kwangu: ni nani aniamuru niling'oe?

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii iwapo mwenye nyumba anayeishi Marekani anaweza kukatazwa kuweka bango la mgombea katika uwanja wake. Mimi naishi Texas, na naona kwamba kabla ya kujibu ni lazima tujue anayekataza ni nani, kwa kuwa halmashauri ya mji na chama cha wenye nyumba, yaani umoja wa wamiliki wa nyumba za mtaa mmoja unaowawekea masharti, havifungwi na sheria moja.

Halmashauri zilifungwa mikono mwaka 1994. Mwezi Desemba 1990, Margaret Gilleo, mkazi wa Ladue karibu na St. Louis, alisimamisha bango la kupinga Vita vya Ghuba. La kwanza likatoweka, la pili likaangushwa, na alipokwenda kulalamika polisi akaambiwa kwamba mabango ya namna hiyo ni marufuku mjini humo. Alifungua kesi, kisha akabandika dirishani karatasi ndogo ya kutaka amani, na mji ukajibu kwa kutunga sheria mpya iliyoendelea kumzuia, ilhali bango la kutangaza kwamba nyumba inauzwa liliruhusiwa. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walimpa Gilleo ushindi. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ilitengua kanuni za mji wa Gilbert, Arizona, zilizoweka vipimo na muda tofauti kwa mabango ya siasa, ya itikadi na ya kuwaelekeza watu ibadani. Kwa hiyo mji unaweza kuweka mipaka ya ukubwa na urefu wa mabango, mradi usichague kwa kutazama yaliyoandikwa.

Chama cha wenye nyumba ni habari nyingine. Hicho si serikali, na Katiba haikigusi kwa namna hiyo. Nguvu yake inatokana na masharti tunayoyakubali tunaponunua nyumba, katika rundo la makaratasi ambalo, tuseme kweli, wachache wetu hulisoma. Ndiyo maana naunga mkono sheria ya Texas inayovizuia vyama hivyo kupiga marufuku mabango ya uchaguzi kuanzia siku 90 kabla ya kura hadi siku 10 baada yake, ingawa vinaruhusiwa kudai bango moja tu kwa kila mgombea, lisilozidi futi nne kwa sita. Jirani yangu alipata barua ya chama wiki mbili baada ya uchaguzi na akaja kwangu akifoka kwamba uhuru wake umeporwa. Nilimhesabia siku, akaling'oa.

Limebaki jambo linalowakosesha wengi: ukanda wa majani ulio kati ya barabara na njia ya miguu. Majani tunayakata sisi, lakini mara nyingi ukanda huo ni sehemu ya hifadhi ya barabara, na bango lililochomekwa hapo huondolewa na watumishi wa mji bila kujali ni la mgombea gani.

Msomaji wenu, Houston