Re: Dogo anauliza 6 gawanya kwa nusu inakuwaje 12

Habari mkuu, umesema dogo wa darasa la sita kakataa jibu la "geuza chini juu halafu zidisha", anataka kujua kugawa kunaongezaje namba. Yuko sahihi kugoma, mimi mwenyewe niliikariri tu shule nzima.

Kwanza cheki yeye akisikia "kugawa" anawaza nini. Wangu alikuwa anawaza kugawia watu, sasa nusu mtu utamtoa wapi? Badilisha swali, muulize nusu ngapi zinaingia kwenye 6. Mi nilichukua sukari, tukaanza kufunga vipakti vya nusu kilo, kila kilo inatoa viwili kwa hiyo kilo 6 zinatoa 12, akacheka mwenyewe hata sijamaliza kufunga (na mama yake akanifokea sukari imemwagika mezani).

Halafu mpe 6 gawanya kwa robo tatu, hapo ndo utamu ulipo. Kilo 6 zina robo 24, kila pakti inakula robo tatu, unapata pakti 8. Umezidisha kwa 4 ukagawa kwa 3, ndo ile kugeuza yenyewe, 3/4 inakuwa 4/3. Ila usimtajie kanuni mpaka aione kwenye sukari.