Protini za mizizi zinatoka kahawia

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimeweka miche ya mpunga kwenye maji yenye kadimiamu (metali yenye sumu), mikromola 50, kwa siku 3. Nikitoa protini za mizizi napata mashapo ya kahawia, na kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa umeme mistari haionekani, ni ukungu mtupu. Nakosea wapi?
Msomaji, uzamili

JIBU: Kahawia hiyo ni fenoli, kemikali za kujikinga za mmea. Mmea uliosumbuliwa na metali huzitoa kwa wingi, nazo zikipata hewa hugandamana na protini. Suuza mizizi kwa EDTA (kemikali inayonasa metali) milimola 10, dakika 15, kadimiamu ya juujuu itoke. Saga kwa nitrojeni ya kimiminika mpaka iwe laini kama unga wa sembe. Usiiache iyeyuke hata kidogo. Mimina asetoni baridi yenye asidi ya trikloroasetiki asilimia 10 na merkaptoethanoli asilimia 0.07, laza usiku kucha kwenye nyuzi -20. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha osha kwa asetoni baridi mara 3 au zaidi, hadi rangi iishe. Hapa ndipo wengi huchoka mapema! Usikaushe kupita kiasi, mashapo yatagoma kuyeyuka. Ukiyeyusha kwa yurea, usivuke nyuzi 37, kwani yurea yenye joto huharibu protini.

Pakia mikrogramu 20 za protini kila kisima cha jeli, pamoja na protini za mizizi isiyowekewa kadimiamu, ili ulinganishe.

Fitokelatini, zinazofunga kadimiamu, usizitafute kwenye jeli hiyo: ni peptidi ndogo mno.