Kilwa Kisiwani: tuvuke lini, tuanzie wapi?

SWALI: Mwezi ujao tutakuwa Kilwa Masoko siku moja na watoto wawili. Jamaa zetu walivuka kwenda Kisiwani wakakwama kwenye matope. Tufanyeje? Na magofu ni mengi, tusikose lipi?

JIBU: Bila shaka jamaa zenu walivuka wakati wa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati ambao wageni wengi ndio wanafika. Mashua haisogei tena. Mnashukia kwenye tope. Chagueni maji mafu, siku moja mbili baada ya mwezi kufika nusu: asubuhi yamejaa, na hata yakitoka hayaendi mbali. Kama tarehe haibadiliki, vukeni saa 1 asubuhi, mrudi baada ya saa 8 mchana.

Kibali cha kutembelea magofu kichukueni Masoko kabla ya kupanda chombo. Na nahodha mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mkimlipa yote mapema, anaweza kuwaacha. Maji ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu.

Mkishuka karibu na Gereza, yaani ile ngome ya kale, msianze nalo. Nendeni kwanza Husuni Kubwa, mbali upande wa mashariki, jua likiwa bado pole. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyemkaribisha msafiri maarufu Ibn Battuta mwaka 1331. Watoto watalipenda birika la kuogea la pembe nane.

Muda mwingi uwekeni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Ya kusini, yenye kuba, iliongezwa baadaye, ikabomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Simameni mpakani mwa sehemu hizo mbili mlinganishe nguzo. Mawe ya kuchongwa ni matumbawe: yakitoka baharini ni laini, yakikauka huwa magumu.

Tafadhali, watoto wasipande kutani. Mawe hayo yameshikwa na chokaa tu, na mvua ikishapenya, jiwe la juu hutoka kwa kukanyagwa mara moja. Saruji nayo si dawa: huzuia unyevu na chumvi kutoka, ukuta ukamomonyoka kwa ndani.

Gereza litazameni mwisho, mkiwa mnasubiri chombo.